Treni Isiyo na Dereva Ina Watu Wake

Mhadhara kwa wananchi wa Maramba, Wilaya ya Mkinga, Tanga



Nimeombwa nizungumze juu ya treni za mijini zinazokwenda zenyewe, bila dereva. Najua wapo wanaojiuliza kimoyomoyo: Maramba na treni wapi na wapi? Reli ya Tanga inapita kusini mwa Usambara Mashariki, Muheza na Korogwe. Sisi tuko kaskazini ya milima hiyo, na njia yetu ya kwenda mjini ni barabara inayoshuka Mabokweni. Wapo humu ndani ambao hawajawahi kukanyaga behewa.

Mimi naona habari hii inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wafanyabiashara wa mkoa wetu wanaofuata mali Deira, Dubai, wameshaipanda treni ya namna hiyo, nao wakirudi husimulia kwamba ukikaa behewa la mbele kabisa unaiona reli inakujia usoni na hakuna mtu aliyeshika usukani. Pili, miongoni mwa kampuni zilizoijenga treni hiyo ya Dubai ni Yapı Merkezi ya Uturuki. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuja kujenga reli yetu ya kisasa, SGR, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno, kisha kutoka Morogoro hadi Makutupora. Kwa hiyo umbali kati yetu na jambo hili si mkubwa kama unavyodhaniwa.

Neno langu la leo ni moja. Treni isiyo na dereva haijawaondoa watu, imewagawia kazi upya. Kazi aliyokuwa akiifanya mtu mmoja mbele ya macho yetu sasa inafanywa na watu wengi ambao abiria hawaoni. Usalama wa treni hiyo unategemea kama kila mmoja wao anajua mzigo wake, na kama wenye mamlaka wanawawezesha kuubeba.

Kazi ya dereva ni kazi ngapi?

Tuanze na basi la kutoka hapa kwenda Tanga mjini. Dereva na konda wake wanafanya nini hasa? Nimezihesabu kazi tano. Ya kwanza ni mwendo: kuongeza, kupunguza, kufunga breki mahali panapotakiwa. Ya pili ni nafasi: kujua gari lililo mbele liko umbali gani, ili asiligonge. Ya tatu ni njia: kutazama kama kuna mtoto, mbuzi, bodaboda au mti ulioanguka. Ya nne ni mlango: nani kashuka, nani kapanda, kanga ya nani imenasa. Ya tano ni dharura: gari likizima porini, abiria akizidiwa, moshi ukitoka chini ya kiti, lazima awepo mtu wa kuamua.

Kuondoa dereva maana yake ni kuitafutia kila moja ya kazi hizi mwenyewe mwingine. Ikibaki hata moja haina mwenyewe, hiyo ndiyo itakayoua watu.

Sasa twende Dubai. Mkataba wa ujenzi ulitolewa mwaka 2005 kwa kundi la kampuni za Kijapani, Mitsubishi zikiwa mbele pamoja na wajenzi Obayashi na Kajima, na hao Waturuki niliowataja. Njia Nyekundu ilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2009, ikianza na vituo 10 tu kati ya 29 vilivyopangwa, kwa kuwa vingine vilikuwa havijakamilika. Njia ya Kijani ikafuata Septemba 2011. Zote mbili zilikuwa na urefu wa karibu kilomita 75, na kwa hizo Dubai ikaandikwa katika kitabu cha rekodi za dunia kuwa na mtandao mrefu kuliko wote wa treni za mjini zisizo na dereva. Rekodi hazidumu: Riyadh ilianza kufungua metro yake Desemba 2024, njia sita, kilomita 176, zote bila dereva. Gharama ya Dubai nayo haikubaki pale ilipoanza kutajwa. Dirhamu bilioni 15.5 za mwanzo zilifika bilioni 28. Wanaotupigia hesabu za miradi waikumbuke tofauti hiyo.

Mwaka 2024 treni hizo zilibeba abiria zaidi ya milioni 270. Wafanyabiashara wetu huzijua zaidi kwa Njia ya Kijani, inayopita chini ya ardhi Deira, ikavuka chini ya Khor, ule mkono wa bahari ambamo majahazi yalikuwa yakitia nanga na boriti za mikoko kutoka pwani hii yetu, na kutokea Al Ghubaiba ng'ambo ya pili.

Je, zile kazi tano zinafanywa na nani?

Mwendo ni rahisi kuliko zote. Treni haigeuzi usukani, reli ndiyo inayoielekeza. Kompyuta inaambiwa kituo kiko wapi, kona iko wapi, mwendo wa juu ni upi, basi inaongeza umeme na kufunga breki ipasavyo. Jambo hili lilianza zamani. Njia ya Victoria ya London, iliyofunguliwa mwaka 1968, treni zake zilikuwa zikienda na kusimama zenyewe. Dereva alikaa mbele, akafunga milango na kubonyeza vitufe vya kuondoka.

Nafasi ndiyo kazi iliyowatoa jasho wahandisi. Katika reli za zamani, njia hukatwa vipande, na kanuni ni moja: kipande kimoja, treni moja. Katika reli za njia moja, dereva hakuruhusiwa kuingia kipande kati ya stesheni mbili mpaka stesheni masta ampe kibali, kiwe cha chuma au cha karatasi. Mwenye kibali ndiye mwenye njia. Utaratibu huo ni salama lakini hula nafasi: treni moja inazuia kilomita nyingi nyuma yake. Treni za Dubai nazo hupewa kibali, ila hicho hutolewa na kompyuta upya kila mara. Treni inajipima ilipo kwa alama zilizowekwa njiani na kwa mizunguko ya magurudumu, inatuma taarifa, na kompyuta ya njia inaijibu: unaweza kwenda mpaka hapa, usivuke. Treni ya mbele ikisogea, ruhusa ya ile ya nyuma inasogea nayo. Ndiyo maana saa za msongamano treni zinaweza kufuatana kwa dakika mbili hivi bila kugongana. Mawasiliano yakikatika, treni haikisii, inasimama. Wahandisi wa reli wameikubali kanuni hiyo tangu enzi za mvuke: usipokuwa na hakika, simama.

Njia, ile kazi ya tatu, haikukabidhiwa kompyuta. Ilikabidhiwa ukuta. Treni ya Dubai kwa sehemu kubwa inapita juu ya nguzo au chini ya ardhi, haikatizani na barabara hata mahali pamoja. Vituoni kuna ukuta wa vioo wenye milango, na mlango wa kioo haufunguki mpaka treni iwe imesimama mbele yake sawasawa. Mtu hawezi kuingia njiani kwa bahati mbaya. Nawaomba mlishike hili, maana ndilo watu wengi wasiloliona. Wanaitazama kompyuta, wakati kilichomruhusu dereva aondoke ni nguzo, uzio na kioo.

Mlango una vihisio: ukinasa kitu, unafunguka tena na treni haiondoki. Na dharura ina chumba. Katika karakana kuu ya Rashidiya kuna chumba cha uongozi ambamo watu hukaa usiku na mchana mbele ya skrini, wakiona kila treni ilipo. Abiria akibonyeza kitufe, anazungumza na mtu. Ndani ya treni na vituoni wanapita wafanyakazi waliofundishwa kuiendesha treni kwa mkono pale mashine inapokwama. Ongeza mafundi wa njia, wa umeme, wa mawasiliano na wa mabehewa, wanaofanya kazi usiku treni zikilala. Hao ndio madereva wa treni isiyo na dereva.

Madaraja manne

Wataalamu wa reli wamepanga madaraja ya jambo hili. Daraja la kwanza, dereva anafanya yote, lakini kipo chombo kinachomzuia akitaka kupita kasi au kupita ishara ya kusimama. La pili, mashine inaendesha, dereva anaangalia njia na milango. La tatu, kiti cha dereva hakina mtu, ila yupo mhudumu ndani ya treni anayeweza kuiendesha. Treni za Docklands za London ziko hivyo tangu mwaka 1987. La nne, treni inaweza kwenda bila mfanyakazi yeyote ndani. Kobe huko Japani walifika daraja hilo mwaka 1981, Lille ya Ufaransa mwaka 1983, Vancouver ya Kanada mwaka 1985. Kijana aliyezaliwa wakati ule leo ana mvi. Msidanganywe kwamba ni teknolojia ya kesho.

Inafaa pia tuangalie inapoharibika. Tarehe 24 Mei 2021, Kuala Lumpur, Malaysia, katika njia iliyokuwa ikijiendesha tangu mwaka 1998, treni iliyobeba abiria iligongana uso kwa uso na treni tupu ndani ya handaki. Waliojeruhiwa walizidi 200. Treni ya abiria ilikuwa ikijiendesha kama kawaida. Ile tupu kompyuta yake ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo mfanyakazi alipanda kuiendesha kwa mkono, akaenda upande usio wake. Kila upande peke yake ulikuwa na kanuni zake. Ajali ilitokea pale mashine na mtu walipopokezana kazi na makabidhiano yao yakalegea. Ndiyo maana nasema mzigo lazima ujulikane nani kaubeba, hasa saa ya kuupokezana.

Na tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa iliipiga Dubai. Maji yaliingia vituoni, abiria wakakwama, na vituo vichache vilibaki vimefungwa hadi mwezi Mei. Kompyuta haikuwa na kosa. Kilichozidiwa ni mfereji. Sisi wa chini ya Usambara hatuhitaji kufundishwa mvua inafanya nini kwenye daraja na kalavati.

Kwetu tumefika wapi?

Mkoa huu ndio wa kwanza kuona reli katika Tanganyika. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Muheza, mwendo wa kilomita 40, walifika mwaka 1896. Kisha kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Moshi treni ilifika mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929, enzi za Waingereza. Baada ya hapo mnaijua wenyewe habari yake: treni ya abiria ya kaskazini ilisimama kwa miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma, hadi iliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata. Reli hii haikuuawa na ukosefu wa kompyuta. Ilidhoofishwa na matengenezo yaliyoahirishwa, na wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni tano katika sensa ya mwaka 2022, lina treni ya mjini tangu Oktoba 2012. Wananchi waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, wakaiita treni ya Mwakyembe. Inatumia reli zilezile za zamani, injini za dizeli, na inakatiza katikati ya makazi, kwenye vivuko vya barabara na njia za miguu. Watu hutembea relini, wauza mahindi hukaa kando yake, watoto huvuka kwenda shule. Je, unaweza kumtoa dereva pale? Huwezi, hata ukiwa na kompyuta bora kuliko zote. Ile kazi ya tatu, ya kutazama njia, bado inamhitaji yeye na honi yake. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, faida yao kubwa haikuwa injini. Ilikuwa njia yao wenyewe, na kila chombo kingine kilipoingia humo faida hiyo ilipungua.

SGR ni habari nyingine. Safari za abiria hadi Morogoro zilianza Juni 2024, na hadi Dodoma Julai mwaka huohuo. Inakwenda kwa umeme, mwendo wa juu kilomita 160 kwa saa. Njia ina uzio, barabara zinapita juu yake au chini yake, na ndani ya Dar es Salaam imepandishwa juu ya nguzo. Dereva yupo, lakini kibali chake kinamfikia kwa redio na kuonekana kwenye skrini mbele yake, na akikipita treni inafunga breki yenyewe. Kwa yale madaraja manne, tumekwisha kulishika la kwanza kwa uhakika. Msingi wa kupanda zaidi, yaani njia iliyozungushiwa na kibali cha kompyuta, tunao.

Lakini msingi nao unataka kulindwa. Wiki zile za mwanzo treni ilipokwama kwa hitilafu ya umeme, Shirika la Reli, TRC, lilieleza kwamba ngedere na bundi walikuwa miongoni mwa waliosababisha. Watu walicheka sana. Bundi kwetu ana sifa mbaya tayari, na sasa kaongezewa kesi ya umeme. Mimi sikuona la kucheka tu. Mnyama akigusa waya, swali ni nani anapita kukagua waya huo, kila baada ya siku ngapi, na taarifa yake inamfikia nani. Hata Dubai swali ni hilohilo, ila huko badala ya ngedere kuna mchanga na joto.

Wenzetu wa Addis Ababa wametupa funzo jingine. Walifungua treni yao ya mjini Septemba 2015, ya umeme, safi, yenye madereva, na Afrika nzima ikaipongeza. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya treni hizo zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri na matengenezo, na zilizobaki zikajaa kupita kiasi. Fedha za kununua zilipatikana kwa mkopo mmoja mkubwa. Fedha za vipuri zinatakiwa kila mwezi, milele, na hazina sherehe ya kukata utepe.

Na ajira?

Najua hili ndilo vijana wanalolisubiri, hasa nyinyi wa kambi ya JKT na mnaomaliza kidato cha nne. Mtaniuliza: serikali inatafuta ajira, wewe unatuletea mashine ya kumfukuza dereva?

Jibu langu ni kwamba inategemea wenye kuamua. Paris walikuwa na Njia ya 1, iliyofunguliwa mwaka 1900, iliyojaa madereva wenye chama chenye nguvu. Kati ya mwaka 2011 na 2012 waliigeuza iwe ya kujiendesha, treni zikiendelea kubeba abiria. Kabla ya kugusa reli, shirika lao la usafiri lilikaa na vyama vya wafanyakazi, likapanga madereva wahamie njia nyingine au wapandishwe kazi za usimamizi. Haikuwa huruma. Walijua kwamba mtu aliyeendesha njia ile miaka 20 anaijua kila kona yake, na ndiye wa kukaa chumba cha uongozi.

Kwa upande mwingine, ukinunua treni ya kujiendesha bila kufundisha watu, utaondoa ajira ya dereva Mtanzania na kuagiza ya fundi mgeni. Metro ya Dubai yenyewe iliendeshwa kwanza na kampuni ya Uingereza, Serco, kisha tangu mwaka 2021 na ubia wa Keolis ya Ufaransa na Mitsubishi. Wao wana fedha za kulipa wageni mwaka hadi mwaka, sisi hatuna. Kwa hiyo mtoto wa Maramba anayeshika vizuri fizikia na hesabu, akaenda VETA au chuo akajifunza umeme, mawasiliano au mitambo, huyo ndiye nimwonaye katika reli ya kesho.

Tuulize nini?

Iko siku, wala siifanyi mbali, mtasikia kwamba jiji letu kuu litapewa treni isiyo na dereva. Picha zitakuwa nzuri, zenye vioo na miti ya bustani. Mtu wa Maramba atahusika kwa sababu kodi yake itakuwemo, na mwanawe aliyehamia Mbagala ataipanda kila asubuhi. Wala si lazima tuwe wahandisi ili tuulize. Zile kazi tano nilizotaja, pamoja na mafunzo ya Dubai na Addis, zinatupa maswali matano.

Kompyuta ya mwendo na ya nafasi ikiharibika, nani ana ruhusa ya kuiendesha treni kwa mkono, na nani anampa kibali? Njia imezungushiwa yote, au pamebaki mahali mtu na treni wanakutana? Maji ya mvua yatapita wapi? Abiria akibonyeza kitufe cha dharura saa tatu usiku, anayepokea yuko wapi, na atamjibu kwa lugha gani? Na fedha za vipuri za mwaka wa 10 zimeandikwa katika bajeti ya nani?

Akitokea kiongozi akajibu la kwanza kwa ufasaha na la mwisho akalipita kimya, mrudisheni hapo hapo. La vipuri ndilo linaloamua kama treni itakuwa ya Dubai au itaegeshwa kama zile za Addis. Na hatuna haja ya kusubiri metro ndipo tuanze kuuliza: tuanze na reli iliyopo Muheza na Korogwe, na vivuko vya reli ambavyo watoto wetu wanavuka leo. Shirika linaloweza kutunza kivuko kimoja kwa miaka kumi ndilo litakaloaminiwa kumwondoa dereva.